Abiria wa Masafa

Kwa kusoma macho ya wapendanao, mtaa mzima hauna bingwa kama mimi. Sijawahi kudanganywa na mtu. Labda na waume zangu wawili, basi.

Asubuhi hiyo nilikuwa mlangoni mwa karakana ya mjukuu wangu, nikimsimamia kazi nisiyoijua. Yeye ndiye fundi wa pikipiki, na karakana ni yake. Simu ikalia. Akanisomea ujumbe, uso kaukunja:

"Fundi, nimenunua vikanyagio vya abiria. Utanifungia leo? Kesho nasafiri."

Ulitoka kwa Masafa. Miezi minne nyuma walikuwa wapenzi. Mjukuu wangu, miguu kama ngazi, alikaa nyuma ya ile pikipiki ya Masafa ya safari ndefu, magoti yakimgusa kidevu njia nzima. Akaomba awekewe vikanyagio vya chini zaidi. Masafa akasema vitaharibu sura ya pikipiki. Binti akashuka, akarudi na basi, mapenzi yakaishia stendi.

"Amepata wa kumbeba," alisema, huku akijibu: "Njoo na abiria. Hapa sifungi bila kumkalisha mwenye miguu."

Hiyo ndiyo sheria yake, nami natamba nayo. Wenzake hufunga tu. Yeye hupima goti.

Masafa akaja peke yake, boksi kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Nani anakunyima?"

"Abiria yuko wapi?" fundi akatukata maneno.

"Ni… mama. Nataka kumtembeza. Leo ana shughuli."

"Basi rudi naye."

"Natoka kesho alfajiri! Kaa wewe, upime kwako."

"Mama yako ana urefu wangu?"

Masafa akanipima kwa macho. Mama yake namjua. Tukisimama pamoja hakuna wa kumzidi mwenzake kimo.

"Hapana. Ni kama bibi hapa."

"Bibi, panda."

Jamani! Nikasukumwa kwa nyuma, nikavutwa kwa mbele.

"Nikifa hapa," nikawaambia, "mjue nimefia kwenye mapenzi, tena ya watu wengine!"

Mjukuu wangu akachuchumaa. Vyuma vya kushikilia vikanyagio vilikuwa na matundu matatu, ya kupandishia na kushushia. Akashika kisigino changu, akatazama goti, akahakikisha bomba la moshi haliniunguzi.

"Mama gani?" akaninong'oneza. "Amepata mfupi, huyo."

Machozi yalikuwa yamemjaa. Alikuwa anamwekea mwenzake nafasi aliyonyimwa yeye, na bado hakuruhusu bolti ikae upande. Nikasema moyoni, huyu ni damu yangu.

"Tundu la juu," akatangaza. "Nafunga na gundi ya bolti. Ikishakauka, kufungua ni vita."

"Ngoja," Masafa akasema.

"Ningoje nini? Bibi, unaumia?"

"Niko kama malkia."

Spana ikazunguka mara moja. Ikazunguka mara ya pili. Masafa jasho likamtoka, na jua lenyewe bado changa.

"Weka tundu la chini!"

"Mama yako atabaki anabembeza miguu kama mtoto."

"Fundi, kazi yako haina kasoro, lakini…"

"Haina, najua. Lakini nini?"

"Safari ya siku tano! Ukifunga huko juu, miguu yako itakufa ganzi kabla hatujafika nusu ya njia!"

Spana ikasimama. Mimi huko juu nikainama nisikie vizuri.

"Miguu ya nani?" mjukuu wangu akauliza, taratibu.

Masafa akatazama boksi. Akanitazama mimi. Akatazama paa.

"Ya… mama."

Mjukuu wangu akachomoa bolti, akaihamishia tundu la chini, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Haya. Bibi, shuka nikae mimi, mama yake amefika."