Nusu Ukurasa wa Emiliana

Kila likizo Emiliana alipotoka Kikuyu, mjini Dodoma, kwenda Hombolo, kazi yake ya asubuhi ilikuwa ileile: kumtwangia Bibi Zipora mlenda mkavu mpaka uwe unga wa kijani. Babu Obedi aliketi karibu na kinu akipiga zeze na kuimba nyimbo za ujana wake. Hadi leo, akisikia harufu ya mlenda, Emiliana huikumbuka sauti ile na moyo humlainika.

Likizo moja, akiwa darasa la sita, Emiliana alitaka kuonyesha usomi wake. Alimweleza Babu kwamba mboga za majani zina vitamini, na wanaozila kwa wingi huwa hawapati sana saratani ya mapafu. Babu alicheka kwa furaha. Kumbe mkewe amemkinga miaka yote hiyo bila kujua! Tangu siku hiyo, kila alipomaliza ugali kwa mlenda alisokota tumbaku mara mbili badala ya moja. Bibi akimkanya, alijibu kwamba mjukuu msomi ameshasema.

Emiliana alinyamaza, maana kusifiwa ni kutamu. Lakini alijua kwamba kengele ya shule ililia akiwa katikati ya ukurasa wa kitabu alimoisoma habari ile. Shule zilipofunguliwa aliumalizia, akajua amempotosha Babu.

Krismasi alimkuta Babu amekonda kidogo. Wimbo ulikatika ubeti wa pili. Akakohoa, akaweka zeze chini, akapapasa kifuko chake cha tumbaku. Emiliana aliacha mchi ndani ya kinu. Aliona haya, lakini hofu ya kumpoteza Babu ilikuwa kubwa zaidi.

"Babu, nilikudanganya. Nilisoma nusu. Nusu ya pili inasema mboga haziwezi kumkinga mtu anayevuta."

Babu akaomba fimbo yake. Walikwenda wote zahanati. Muuguzi aliyempima alimwambia mapafu yamechoka, ila hajachelewa kuacha. Babu akauliza kama hakuna vidonge vya vitamini.

"Mzee wangu, usivikimbilie," muuguzi alisema. "Vipo ambavyo vimeonekana kumwongezea mvutaji hatari ya saratani. Kula mlenda wako, ni chakula kizuri. Lakini moshi dawa yake ni kuuacha."

Haikuwa rahisi. Bibi alisema mzee alinuna wiki nzima, akarudia mara moja, akaacha tena.

Pasaka, Babu alimpa Emiliana kile kifuko. Alikifungua kwa wasiwasi. Ndani mlikuwa na nyuzi za akiba za zeze.

"Kusema nusu ni kosa," Bibi alisema akipepeta mlenda. "Lakini umerudi kumalizia, ingawa ulijua utaaibika. Huo ndio usomi, mjukuu wangu."

Babu akaanza kuimba. Alipumzika mara mbili njiani, lakini siku hiyo wimbo aliumaliza.