NANI ALIKULA SIMENTI YANGU?

"Maman Christelle eee! Kinga inanirudisha nyuma!"

Ndugu zangu, niliacha sombe, mboga yangu ya majani ya muhogo, jikoni nikatoka mbio, mwiko mkononi!

Mume wangu Balagizi alikuwa anateremka kinyumenyume kwenye kinga yake, yaani baiskeli ya magurudumu matatu, moja kwa moja kuelekea barabarani... na lori la mchele kutoka Bugarama lilikuwa linapanda!

Nilijitupa nyuma yake, nikaizuia baiskeli kwa tumbo langu. Lori likapita likipiga honi. Tukabaki tunahema kama mbuzi waliofukuzwa.

Ngoja niwaeleze. Balagizi aliugua polio akiwa mdogo, miguu yote miwili. Lakini mikono yake ni chuma! Kwa baiskeli hiyo ya kuendeshwa kwa mikono anavusha mizigo ya wafanyabiashara pale mpakani mwa Rwanda na Congo, kwenye daraja la Rusizi ya kwanza.

Shida ni nyumba yetu hapa Kamembe. Iko juu, mteremko mkali. Kila jioni majirani wanamsukuma mpaka mlangoni. Hakuna kitu kilichomuumiza kama hicho.

"Mwanaume mzima ninaingizwa kwangu sawa gunia," alikuwa anasema.

Basi mimi nikauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, miaka miwili, nikanunua simenti, nikaita fundi. Njia ya zege, kutoka barabarani mpaka mlangoni, ili mume wangu apande mwenyewe.

Na sasa zege la siku tisa limevunjika chini ya gurudumu lake!

Nilichimba pale kwa mwiko. Mwiko ukaingia... Jamani, ugali wa jana ni mgumu kuliko lile zege!

Nikampigia fundi Tuyishime. Akaja anajikuna kichwa.

"Maman, ni mvua."

"Mvua ya wapi? Tuko mwezi wa saba!"

"Basi ni jua."

"Tuyishime!!"

"Ao ni mchanga, Maman. Mchanga ya siku hizi iko mubaya..."

Nilikaribia kumpiga na ule mwiko.

"Nilileta mifuko kumi na mbili ya simenti hapa. Wewe uliweka ngapi?"

Akainamisha kichwa.

"Ngapi?!"

"Sita, Maman."

"Na sita zingine uliuzisha nani, mwizi wewe?"

Hapo fundi akainua kichwa. Kumbe kuitwa mwizi kulimchoma.

"Mimi si mwizi. Uliza Papa Christelle."

Nikageuka. Balagizi alikuwa anaangalia mikono yake.

"Niliibeba mimi," akasema taratibu. "Mufuko moja moja, kila asubuhi ukienda soko. Nikavusha mpaka Bukavu."

Moyo wangu ukalipuka.

"Kwa mwanamuke gani?!"

"Kwa mama."

Mama yake amefariki miaka minne sasa. Yule mama alimbeba Balagizi mgongoni mpaka shuleni, kupanda na kushuka vilima, hadi akafika miaka kumi na moja. Kaburi lake lilikuwa udongo mtupu, pembeni ya kaburi la baba lililojengwa vizuri. Kwetu, mtoto anayeacha mama yake chini ya majani ananyooshewa kidole.

Nilitaka kulia. Nilitaka kumpiga. Sikujua nianze na lipi.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Uliuzisha sambaza miaka mbili juu ya njia yangu. Ningefungula kinywa namna gani?"

Nikamgeukia fundi.

"Na wewe! Uliona simenti ni nusu, ukamwaga tu?"

"Papa ndio kichwa ya nyumba, Maman. Alisema ninyamaze."

"Hicho kichwa ya nyumba lori ilikuwa karibu kukiponda!"

 Fundi alikubali kubomoa na kumwaga upya bila malipo, nikileta simenti nyingine. Ndiyo, mimi tena!

Jumapili tukavuka kwenda kaburini, nikaone angalau simenti yangu ilifanya kazi gani.

Wapenzi wasomaji... kaburi lilikuwa limepasuka katikati! Kona moja imeanguka kabisa. Balagizi alitaka liwe kubwa kama la baba, na fundi wa huko akavutavuta ile mifuko sita kwa mchanga, kama huyu wa kwetu alivyofanya.

Mume wangu akaweka kiganja kwenye ule ufa, akalia. Miaka kumi na nne ya ndoa, sikuwahi kuona machozi yake.

"Nimekosa njia, nimekosa na kaburi," akasema.

Mshika mawili moja humponyoka. Wangu yalimponyoka yote mawili!

Hata pale nilikuwa na hasira bado, siwadanganyi. Angeniomba mifuko sita, ningempa, kisha tungengoja mpaka tupate mingine. Nilimpenda yule mama. Lakini hakuniuliza, na karibu nibaki mjane.

Ninyi wanaume mnaosoma hapa: mke si askari wa mpaka wa kufichwa mzigo. Mwambie unachobeba! Na mafundi, mwenye nyumba akikuambia ufanye kazi mbovu, kataa. Gurudumu halijui nani alitoa amri.

Leo nimerudi sokoni na beseni langu la sambaza. Asubuhi Balagizi aliniuliza, kwa sauti ya chini, simenti ya kwanza itaenda wapi.

Nikamwambia: njia kwanza. Mama yako alikubeba miaka yote ile ili ufike, hatakubali ufe mlangoni kwako.