Solène Hafuti Alama

Stesheni ya Part-Dieu, Lyon, haina adabu asubuhi ya Jumatatu. Ukisimama ukumbuke jina lako, unakanyagwa. Solène Garrigou alikuwa akiikimbilia treni ya Perpignan, koti la buluu limening'inia bega moja, begi la raketi za tenisi mgongoni kama mtoto aliyekataa kutembea. Begi hilo likampiga mwanamume kumbo. Kahawa yake nusu ikamwagikia shati, nusu sakafuni.

"Samahani, bwana," alisema kabla hajainua uso.

"Miaka mitatu," yule mwanamume akajibu, akijipangusa, "na bado hutazami unakopita."

Alikuwa Gaspard Vialle. Mvi zimemwingia, ila vidole ni vilevile, vimechanjwachanjwa na nyuzi.

Vidole hivyo vilimfungia Solène nyuzi za raketi miaka sita, wakizunguka pamoja kila mji wenye mashindano, wakila tambi kitandani katika hoteli za bei chee. Zama hizo Solène alikuwa wa themanini na nane duniani. Halafu ikaja Strasbourg, wiki aliyocheza vizuri kuliko zote. Kila raketi hubandikwa karatasi ndogo shingoni, inayosema nyuzi zimekazwa kwa kilo ngapi. Zake zilisema ishirini na nne, kama alivyoagiza. Fundi mwingine akazipima: ishirini na mbili. Gaspard alikuwa akilegeza kwa siri, kulinda bega la Solène. Alijieleza mpaka sauti ikakauka. Solène alichosikia ni kimoja tu, kwamba mtu anayelala naye anamwona amekwisha. Akapanda treni ya kwanza.

Ndivyo alivyo. Kwenye viwanja vya udongo mwekundu mpira huacha alama, na mkibishana mwamuzi hushuka kwenye kiti chake kirefu kuikagua. Mchezaji akiifuta mwenyewe kwa kiatu, amekubali. Pointi imekwenda, kesi imekwisha. Solène, miaka kumi na sita ya kucheza, hakuwahi kufuta hata moja. Waamuzi walipoona jina lake kwenye ratiba walivaa viatu vya kushukia.

Sasa ana thelathini na nne, wa mia tatu na kumi na mbili. Mwaka jana daktari alimwambia nyuzi ngumu ndizo zilizolimaliza bega. Tangu siku hiyo ameishika simu mara ngapi, akaiweka. Kila mji, akipokea raketi kwa fundi mgeni, huzinusa kama mjinga, akitafuta ile sabuni ya mzeituni ya mikono ya Gaspard.

"Perpignan kuna nini?" Gaspard aliuliza.

"Mwisho. Nikitolewa kwenye mchujo, naacha."

"Na nani anakufungia?"

"Yeyote mwenye mashine."

"Maskini raketi."

Solène alicheka, na kicheko kikamuuma. Gaspard akamweleza habari za duka lake kule juu, mtaa wa Croix-Rousse, wateja wote wastaafu, wanapiga mpira mara moja kwa wiki na kulalamika kama mabingwa. Solène alitaka kuuliza kama kuna anayemngoja na supu jioni. Akauliza habari za mama yake.

Kipaza sauti kikaita treni ya Perpignan. Gaspard akaushika mkanda wa begi.

"Nilipaswa kukwambia, kipenzi. Niliogopa utakataa."

"Ningekataa."

"Najua."

Ikawa zamu ya Solène. Akatazama chini. Baina ya viatu vyao kahawa ilikuwa imeacha alama ya duara, ukubwa wa mpira. Akanyoosha mguu, kiatu cheupe, akaifuta taratibu mpaka ukingoni.

Gaspard akainama kuikagua sakafu.

"Rudia, sikuona vizuri."

"Umeona."

Basi Gaspard akalivua lile begi begani kwa Solène, lile bega bovu, akalivaa mwenyewe.

"Nafunga ishirini na moja. Na nitaandika ishirini na moja."

"Mimi si bibi kizee, Gaspard."

"Wewe hapana. Bega lako ndiyo."

Solène alikuwa na la kujibu. Maisha yake yote hajakosa la kujibu. Alilimeza. Treni ikaondoka bila yeye. Nyingine ilikuwa saa nane mchana, na vilibaki viti viwili.