Kunguru wa Mto Tarach

Namuria alilelewa Lokiriama, kwenye mifugo. Huko alifundishwa hivi: maji wanayokunywa ndege, wewe pia kunywa. Ukame ulipomaliza mbuzi wake, alihamia mji wa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, na watoto wawili. Fundisho lake alikuja nalo.

Kila asubuhi alichimba mchanga wa mto Tarach uliokauka. Maji yakitokea, alichota, akaliacha shimo wazi. Kunguru walishuka, wakanywa, wakaoga. Namuria alifurahi kuwaona, masikini.

Wiki iliyopita mwanawe mdogo, Lokiru, aliharisha siku mbili, akafa. Leo dada yake, Nakuleu, amelala kwenye ngozi. Macho yameingia ndani. Analia bila machozi.

Céline, mhudumu wa afya, mkimbizi kutoka Kongo, aliitwa mbio. Alikoroga pakiti ya dawa ya kuhara katika maji yaliyochemshwa, akamnywesha Nakuleu kwa kijiko, kidogo kidogo.

"Munachota maji wapi, mama?"

"Mtoni. Maji mazuri. Hata kunguru nakunywa."

Céline alimshika mkono, wakatoka nje. "Angalia kule."

Nyuma ya machinjio, kando ya mto, palikuwa na shimo la taka. Kunguru walijaa humo. Mmoja alikuwa anararua nepi iliyotumika. Aliruka, akatua moja kwa moja kwenye shimo la maji la Namuria.

"Kwetu kunguru natoa kupe kwa ngamia," Namuria alisema polepole. "Nakula nzige."

"Huku kupe ni wachache, uchafu ni mwingi. Ndege anakula anachokuta, mama. Amejifunza mji. Kisha anakuja kunywa na miguu ileile, na mdomo uleule. Lakini usimlaumu peke yake. Uchafu ule ni wetu."

"Kumbe mimi nimemuua Lokiru?"

Céline alimshika mkono tena. "Hukujua. Sasa unajua. Shimo la maji lifunikwe. Maji yachemke mpaka yatokote. Na taka tuzifukie."

Lo! Majuto ni mjukuu, lakini Namuria hakuwa na nafasi ya kukaa kitako ajute. Jioni ileile alifunika shimo kwa bati na miiba. Kesho yake alikwenda na majirani kufukia taka, pua zimefungwa leso.

Siku ya tatu kuhara kulikoma. Nakuleu alisema, "Mama, njaa."

Namuria alichemsha maji, akapika uji. Mkono wake, kwa mazoea, ulitoa bakuli mbili. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Kisha alirudisha bakuli moja, akamlisha Nakuleu mpaka akashiba.