Hujaniaga

Maji yaliisha kilomita nne kabla ya kijiji cha Courvaux, na kama kawaida aliyetumwa ni Bastien.

"Wewe ndiye mwenye magoti mazima," alisema dada yake, Clothilde. Alikuwa ameketi kwenye majani kando ya njia ya mto, baiskeli yake imepinduliwa magurudumu juu, anatafuta tundu la pancha kwa mate na kidole. "Tena umesoma. Nenda kafanye utafiti wa bomba."

"Shahada mbili, Cloclo. Usizichezee."

"Mbili, ndiyo. Na zote zinalala kwenye kochi langu."

Bastien alianza kukusanya chupa tupu. Miaka miwili alikuwa akituma maombi ya kazi na kupokea barua zenye adabu, barua tamu kama asali ya kunasia nzi, kila moja ikimtakia mafanikio mema kwingineko. Kwingineko ni wapi, hakuna mwajiri aliyewahi kumwonyesha kwenye ramani. Clothilde, aliyeacha shule akaenda kukanda unga kwenye duka la mikate huko Lyon, ndiye mwenye nyumba. Ndiye pia aliyemburuta kwenye safari hii ya baiskeli, kufuata bonde la mto Vézonne, ati apigwe na upepo asije akaota ukungu kama mkate wa juzi. Anayekulisha ana haki ya kukucheka. Bastien alilijua hilo, na lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Akafunga chupa nne kwenye keria, akapanda, akaenda.

Kila mwendesha baiskeli wa Ufaransa anajua: ukikosa maji, tafuta makaburi. Duka la kijiji litakuwa limefungwa, mgahawa ulikufa na mwenyewe, lakini makaburi hayakosi bomba la kumwagilia maua. Wafu wa vijijini wanahudumiwa kuliko vijana wenye shahada.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima. Ukungu ulianza kupanda kutoka mtoni, ukipita chini ya miti kama ng'ombe wanaorudi zizini. Bastien akasukuma lango la chuma.

Kriiii...

Harufu ikamfikia kwanza. Tope. Maji ya maua yaliyooza. Bomba lilikuwa mwisho wa safu, likidondoka. To... to... to... Hapakuwa na mtu. Alijaza chupa ya kwanza, akajaza ya pili. Alipoinama kuchukua ya tatu, akaona ncha za viatu vya mpira kando yake.

"Bonsoir," sauti ikamsalimia.

Bibi kizee. Mfupi, aproni ya buluu, nywele zimelala kichwani kama zimetoka kuoshwa. Mkononi alishika kopo la kumwagilia, ameliinamisha juu ya kaburi. Halikutoka tone.

"Bonsoir, mama. Umenishtua."

"Hapa hatupitani kavukavu, mwanangu," bibi akanong'ona. Akatoa shavu.

Kubusiana mashavuni ni salamu ya kila siku, lakini ya watu wanaojuana, si ya mgeni na mgeni makaburini. Hata hivyo, nani atamnyima bibi kizee? Bastien akainama. La kulia, moja. La kushoto, mbili. Shavu lilikuwa baridi, laini kupita kiasi, lenye maji, kama unga uliosahauliwa ndani ya beseni.

Akainuka. Bibi hakuinuka. Alibaki na shavu pembeni, macho yamefumbwa, akingoja.

"Imetosha, mama. Kwetu Lyon ni mbili. Zaidi ya hapo tunadai mkataba wa kazi."

Bibi akafumbua macho.

"Hujaniaga."

"Basi kwaheri," Bastien akasema, akacheka peke yake. Akakusanya chupa, ya nne hata hakuijaza.

Kwenye lango akageuka. Bomba lilidondoka. Kopo lilikuwa limelala juu ya kaburi, limekauka, lina utando wa buibui mdomoni.

Njia ya kurudi ilikuwa ya mteremko. Haikuhitaji kukanyaga pedali hata mara moja. Lakini Bastien alikanyaga, akatoa jasho, na mnyororo ukalia kama unavuta watu wawili. Alidhani gurudumu la nyuma limeisha upepo. Akasimama, akalibonyeza. Lilikuwa gumu kama jiwe.

Hakulibonyeza tena.

*

Nyumba ya wageni ya Courvaux ilikuwa ya Madame Bessonnet, mjane mwenye sauti ya mvuta sigara na mikono ya kuchinja bata. Aliwapokea mlangoni kwa mabusu mawili kila mmoja.

"Mbili za kuja," akasema. "Mbili za kwenda nitawapa kesho. Ingieni, supu inapoa."

"Nusu nusu?" Clothilde akauliza. "Mnabana matumizi?"

"Hapa bondeni ndiyo desturi, binti. Mkikutana njiani, unatoa nne pale pale: mbili umefika, mbili unakwenda. Asiyepewa za mwisho, hajaondoka."

Bastien alikuwa keshaanza supu. "Basi kuna bibi nimemwacha makaburini ananingoja mpaka sasa."

Kijiko cha Madame Bessonnet kikasimama.

"Bibi gani?"

"Mfupi. Aproni ya buluu. Analazimisha mabusu kama shangazi wa harusi."

Mama yule akainuka, akazima redio. Akafunga mlango wa jikoni kwa komeo, kisha akaketi polepole, kama kiti kimekuwa mbali.

"Ulimpa ngapi?"

"Mbili. Kwa nini?"

"Huyo ni Léonce wa kwenye kinu cha maji," akasema kwa sauti ya chini. "Nyanya yangu alimjua. Mafuriko yalimchukua pale pale kinuni, kwenye ukuta wa mawe unaokata mto. Walimpata siku ya tisa. Unajua maji yanavyomfanya mtu kwa siku tisa... Jeneza lilipigwa misumari hapo hapo ukingoni. Mumewe hakusogea karibu. Watoto hawakuruhusiwa. Hakuna aliyembusu. Aliaga dunia, lakini dunia haikumuaga yeye."

"Pole yake," Clothilde akasema, akichovya mkate. "Sasa kaka yangu kafanyaje? Kampenda?"

"Usicheke, binti. Amemkaribisha, hajamruhusu aende. Yuko naye."

Mahali fulani bomba lilidondoka. To... to...

"Upuuzi," Bastien akasema. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Alfajiri nenda mtoni, kwenye kinu, kabla hujala chochote. Mpe mbili zake. Mbili kamili, wewe mwenyewe. Akichoka kukungoja, atamwendea wa damu yako." Hakumtazama Clothilde, na kule kutomtazama ndiko kulikomwogopesha Bastien. "Akiagwa na mtu ambaye hakumkaribisha, huondoka naye."

"Nikimpa, basi imekwisha?"

"Imekwisha. Ila usimsikilize. Léonce huongea kati ya busu na busu. Anachosema, sijui. Walioniambia kwamba aliongea, hawakutaka kusema alichosema."

Chumbani, Clothilde alimcheka mpaka usingizi ukamchukua. Bastien alilala na mgongo ukutani. Alijiambia kwamba ana shahada mbili. Alijiambia mara nyingi.

Alipofumbua macho, dirisha lilikuwa jeupe kwa ukungu. Kitanda cha pili kilikuwa wazi. Akagusa shuka.

Lilikuwa limelowa.

*

Alikimbia bila viatu kuelekea kwenye kinu. Nyasi zilikuwa baridi, mto ulinguruma mbele asikouona. Harufu ya tope ilikuwa imejaa bonde zima. Akamsikia kabla ya kumwona. Clothilde alikuwa akicheka kidogo, kicheko kile cha dukani, cha kumwambia mteja mkate wa mwisho ni wake.

"Clothilde..."

Alikuwa amesimama majini mpaka magotini, karibu na ukuta wa mawe, na nguo zake za kulalia. Amejiinamisha mbele, shavu limetolewa. Na mbele yake, pale ambapo maji yanaanza kuwa meusi, aproni ya buluu ilikuwa ikielea kiunoni mwa mtu.

"Njoo umsalimie bibi, Basti," akasema dada yake, macho yamefumbwa. "Anakwenda zake. Tumsindikize."

Bastien aliingia majini. Akapita katikati yao, akamsukuma dada yake nyuma kwa kiwiko.

"Ni mimi," akasema. Meno yaligongana. "Nimekuja kukuaga mimi."

Bibi akatoa shavu la kulia. Bastien akafumba macho, akabusu.

Tatu.

Baridi ikamwingia mpaka kwenye fizi. Bado moja. Moja tu. Akauvuta uso wake upande wa pili, na alipokuwa akipita karibu na mdomo ule, mdomo ukafunguka sikioni mwake.

"Mwache nimchukue," ukanong'ona. "Nyumba itabaki yako. Utaondoka kwenye kochi. Hakuna atakayekucheka tena."

Haikuwa sauti ya bibi.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Si ya kufanana nayo. Yake. Na maneno yalikuwa yake, yale yale aliyowahi kujiambia usiku fulani, uso ukutani, baada ya Clothilde kumtania mbele ya wageni. Aliyasema mara moja tu, kimoyomoyo, akajilaani, akalala.

Bastien akaruka nyuma kama aliyemwagiwa mafuta ya moto. Akateleza, akamshika dada yake kwapani, akamvuta. Walianguka, wakainuka, wakatambaa mpaka ukingoni, wakitapika maji.

Akageuka.

Bibi alikuwa amesimama pale pale. Shavu la kushoto limetolewa, macho yamefumbwa. Akingoja.

Ukungu ukafunga.

*

Madame Bessonnet alikuwa kizingitini, sigara haijawashwa.

"Umemuaga?"

"Ndiyo."

"Ngapi?"

Bastien alitazama miguu yake.

"Ngapi, kijana?"

"Moja."

Mama yule akarudi nyuma hatua moja. "Alisema nini?"

Clothilde alikuwa anatetemeka ndani ya blanketi, anamtazama kaka yake kwa macho mekundu ya maji. Macho ya mtu aliyemlipia chakula miaka miwili. Bastien alifungua mdomo. Mdomo uliozoea kuwa na jibu kwa kila mtu, kwa waajiri, kwa mawaziri kwenye televisheni.

"Sikusikia," akasema.

"Basi rudi ummalizie."

"Sirudi."

Hakuogopa mto, wala ubaridi. Aliogopa kusikia sentensi inayofuata, maana aliijua.

Madame Bessonnet hakubishana. Aliwatolea mifuko yao nje, akaiegemeza baiskeli ya Clothilde ukutani kwa upole, kama kitu cha marehemu. Clothilde akamsogelea, akatoa shavu kwa ajili ya zile mbili za kwenda. Mama akatikisa kichwa.

"Siwezi kukuaga wewe nikamwacha yule bibi. Nisamehe, binti." Akafunga mlango. Kisha madirisha ya mbao, moja baada ya jingine, pa... pa... pa... asubuhi kweupe. Na walipopita kwenye barabara ya kijiji, madirisha ya nyumba nyingine nayo yalikuwa yakifungwa mbele yao.

Bastien alitangulia. Alikanyaga pedali bila kupumzika, kilomita kumi, kumi na tano, ukungu ukapasuka, jua likaanika bonde likawa zuri kama picha ya kalenda. Baiskeli yake ilikuwa nyepesi. Nyepesi sana. Alitaka kufurahi.

Ila Clothilde alikuwa kimya. Tangu mtoni hakuwa amemtania hata mara moja. Hakulalamikia goti. Kilichosikika nyuma ni mnyororo wake tu, ukilia kwa uzito kwenye barabara tambarare.

"Uko sawa, Cloclo?"

Kisha sauti ya dada yake, ya upole, upole ambao hakuwa amewahi kumwonyesha mtu.

"Punguza mwendo, Basti. Bibi anasema unamkimbia."