Bata Mgeni Bwawani

Kwenye bustani ya wanyama kulikuwa na twiga wawili. Mmoja alikula majani ya miti. Wa pili alikuwa mlisha ndege, mwanamume mrefu kupita kiasi, na wenzake kazini walimpa jina hilo hilo.

Kila asubuhi Twiga alibeba ndoo ya nafaka hadi bwawani. Huko waliishi ndege wa majini, korongo na mwari. Walipokwisha kula, alifagia mabaki na kuyatia mfukoni. Jioni aliyapeleka nyumbani kwa kuku wa mama yake.

Mama aliishi naye, pamoja na mke wa Twiga, fundi cherehani. Kuku ndio waliokuwa furaha ya mama. "Hawa ni wajukuu wasiojibu," alisema.

Msimu ule bata mwitu walianza kutua bwawani. Walikula pamoja na wenyeji kama walioalikwa. Twiga alipenda kuwatazama.

Asubuhi moja alikuja daktari wa ndege, mwanamke mchangamfu. Alibeba sanduku lenye chupa ndogo na vijiti vya pamba.

"Leo tunawapima mafua ya ndege," alisema.

"Lakini hakuna mgonjwa, daktari. Hawa wanakula kunishinda mimi."

"Nawapima wakiwa wazima ili ugonjwa ukiingia, tuujue mapema. Nishikie huyo mwari."

Twiga alivaa glavu na barakoa, akamkumbatia mwari. Daktari alipitisha kijiti kooni mwa ndege, kisha kingine nyuma, panapotoka kinyesi. Mwari alichukia. Alimpokonya daktari kofia, nusura aimeze.

"Unatafuta nini humo?" Twiga aliuliza huku akiivuta kofia.

"Kirusi. Ni kidogo mno, macho hayakioni. Maabarani ndiko watakakokitafuta."

"Na wale bata wageni?"

"Hao ndio wanaonitia wasiwasi. Bata mwitu anaweza kubeba kirusi bila kuumwa. Anatua, anakunya majini, anaruka zake. Korongo wako anakunywa maji yale, anaugua."

Twiga aliyatazama maji upya. Ndipo alipoona kitu kwenye matete. Alikuwa bata mwitu, amekufa. Twiga aliinama amwokote.

"Usimguse," daktari alisema. Alibadilisha glavu, akamweka bata ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya mwingine. "Ndege akifa ghafla, hatumshiki kwa mkono mtupu. Hatumtupi, wala hatumpiki. Tunamwita mtaalamu."

Twiga alikumbuka nafaka aliyoipeleka nyumbani jana.

"Daktari," alisema, "mabaki ya hapa nawapa kuku wa mama."

Daktari alitazama miguu ya Twiga. "Na viatu hivyo?"

"Ndivyo ninavyoingilia bandani kwao."

Jioni ile daktari alifika nyumbani. Mama alisimama mlangoni pa banda. "Kuku wangu wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu, mama. Kirusi kinaweza kusafiri kwenye kinyesi kilichoganda chini ya kiatu, au kwenye nafaka chafu. Tunataka kujua kama kimefika hapa."

Mama alimpisha. Kijiti kilipoingia kooni mwa tetea, aliinama kuangalia. Hasira ilimtoka, maswali yakaingia.

"Kuku akiwa na ugonjwa huo, nitajuaje?"

"Anaweza kuvimba kichwa, au kupumua kwa shida. Wengine hufa ghafla, wengi kwa pamoja."

"Na mayai?"

"Yapikeni yaive kabisa. Kuku mgonjwa asiliwe."

"Mimi je, naweza kuambukizwa?"

"Ni mara chache, lakini hutokea, hasa kwa anayeshika ndege wagonjwa au waliokufa. Nawa kwa sabuni kila ukitoka bandani. Ukipata homa au kikohozi, nenda hospitali upesi. Waambie kwamba unafuga kuku."

Wakaanza kusubiri. Bwawa lilifungwa, na ndege wakahamishiwa kwenye banda lenye paa. Nyumbani, kuku hawakutoka nje.

"Wananitazama kama mimi ni askari jela," mama alilalamika. Usiku hakupata usingizi mzuri, wala Twiga.

Hatimaye daktari alipiga simu. "Yule bata mwitu alikuwa na mafua ya ndege."

Twiga aliketi chini.

"Ndege wa bustani hawana," daktari aliendelea. "Kuku wa mama pia hawana. Lakini tutawapima tena. Kirusi huweza kukawia kuonekana."

Walipimwa tena, wakakutwa salama. Mama alimeza maneno yote ya lawama aliyokuwa ameyaandaa, akamwambia daktari tu, "Ahsante, mwanangu."

Tangu hapo viatu vya kazi vilibaki kazini. Ndege wa bustani walilishwa chini ya paa, na mabaki hayakutoka getini. Mke wa Twiga alishona wavu, wakafunika uwanja wa kuku ili ndege wa porini wasiingie.

Baadaye jirani mmoja alipita na kuku aliyekufa, amemshika miguu. "Amekufa leo tu," alisema. "Bado anafaa mchuzi."

Mama alimzuia njiani. "Mweke chini, jirani. Nawa kwanza, ndipo tuzungumze." Alimletea maji na sabuni, kisha akamwambia Twiga ampigie daktari simu.

Kuku yule alipimwa. Hakuwa na mafua ya ndege. Alikuwa na mdondo, ugonjwa mwingine unaoua kuku wengi, lakini una chanjo. Daktari alikuja kuwachanja kuku wazima wa mtaa kwa matone ya jicho, na watu wakapanga foleni na matenga yao.

Mama alisogea mbele kabisa. "Kwa nini jichoni, si mdomoni?"

"Toka jichoni dawa hushuka hadi puani na kooni, mama."

Mama alifikiri kidogo. Kisha akanyoosha mkono.

"Hebu nipe hiyo chupa, nijaribu mmoja."

Daktari alimvisha glavu, akamwonyesha namna ya kushika kichwa cha kuku. Tone la kwanza lilianguka sawasawa.

"Mlete mwingine," mama alisema.