Mgeni wa Rangi Mbichi

Nyumba yao haikuwahi kupakwa rangi tangu ijengwe, lakini siku Mama Tonge aliporudi kutoka mjini, alipofungua tu mlango, ikamjia harufu ya rangi mbichi, ile kali ya kuwasha pua, kama vile fundi ametoka sasa hivi na brashi yake.

"Umepaka rangi?" alimuuliza mumewe.

"Nipake wapi, kwenye udongo huu?" Mume, fundi baiskeli, alicheka huku akimrusha mtoto juu. "Mjini kumekulevya, mke wangu. Mara ya kwanza tu kufika, unarudi unanusa maghorofa!"

Akacheka naye. Lakini harufu ile aliijua. Ilikuwa ya chumba alicholala huko.

Dada yake, mhudumu wa nyumba ya wageni, ndiye aliyemwita aje kutembea, naye amwone huyo Tonge anayesifiwa mashavu. Akawapa chumba cha ghorofa ya juu, kilichokuwa kimefungwa muda mrefu na ndiyo kwanza kimepakwa rangi. Mama Tonge alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni alipoisikia sauti ya mwanamke mlangoni, laini, ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Hodi."

Naye, mikono imejaa povu, akajibu kama anavyojibu kwao, ambako mlango mchana ni pazia na jirani haulizwi jina: "Karibu! Karibu ndani, pita tu!"

Mlango haukufunguka. Tonge akanyoosha mikono kuelekea kitasa, akacheka.

Dada alipohadithiwa alishika mbavu. "Mshamba we! Hapa nani anapiga hodi? Watu wanabonyeza kengele." Halafu kicheko kikamkauka. "Ila wewe ulimjibu?"

"Nilimkaribisha, dada."

"Ungemuuliza kwanza ni nani, mdogo wangu," alisema.

Sasa wako nyumbani, na kesho yake, jua likiwa utosini, mama mkwe aliingia jikoni akiwa amenuna.

"Mwanangu, ndiyo nini kuja na mgeni bila kuniambia? Nimempita pale kwenye mkeka nyuma ya nyumba, nimemsalimu, kimya! Amempakata Tonge tu, hata kichwa hainui."

"Mgeni gani, mama?"

Hakungoja jibu. Alikimbia, mwiko mkononi. Tonge alikuwa mkekani peke yake, ametulia kama maji ya mtungini, na pembeni ya mdomo wake kulikuwa na tone jeupe. Mama Tonge akalifuta kwa kidole, akalinusa. Rangi.

Tangu hapo mtoto akakataa ziwa. Halii, hanyonyi, anageuza uso kama mtu mzima aliyetoka kula kwa watu. Maziwa yanamjaa mama kifuani yanalowesha blauzi, anauma midomo kwa maumivu, na huku yale mashavu ya Tonge yanasinyaa yanaisha. Mume akaacha utani. Mchana mwingine Mama Tonge akajibanza dirishani, akachungulia mkekani, akamwona mwanawe amelala chali lakini kichwa hakijagusa mkeka, kimeinuka kidogo tu, kimeegemea mkono ambao haupo, na midomo inafyonza, inafyonza hewa tupu, na koo linameza, na macho ya mtoto yametazama juu kwa mapenzi ambayo yeye mama yake hajawahi kutazamwa nayo.

Wakamwita muuza mkaa, mtu aliyesifika zaidi kwa kutoa majini kuliko kwa mkaa wake, maana mkaa wake ulikuwa moshi mtupu. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi," Mama Tonge alinong'ona.

"Basi mimi siwezi kumfukuza, mama. Huyu si mwizi, huyu ni mgeni wako. Mgeni husindikizwa. Umuage kwa heshima, umfikishe barabara kuu. Mtoto abaki hapa. Akiomba kitu usimpe, na akishakwenda harudi, labda aitwe na mtu wa nyumba hii."

"Sisi tumwite?" mama mkwe alisema. "Tumekuwa wendawazimu?"

Basi Mama Tonge akatoka na mgeni wake, mchana kweupe, watu wanamtazama mwanamke anayetembea ameacha nafasi ya mtu ubavuni mwake, na kila anapokanyaga kuna unyayo mwingine unakanyaga, mtupu, unaobanduka kama unaonata chini, na ile harufu inamwandama puani mpaka machozi yanamtoka, akipunguza mwendo inapunguza, akikaza inakaza, na yeye anasema tu moyoni mwanangu, mwanangu, mpaka wakafika barabara kuu.

"Asante kwa kuja, dada," alisema. "Nenda salama."

"Nipe mwanangu niende naye." Ilikuwa ileile sauti laini, sikioni kabisa.

"Ni wangu! Nimemzaa mimi!"

Sauti ikajibu, bila hasira hata kidogo: "Mwulize yeye."

Lori likapita, vumbi likatimka, na lilipotua harufu haikuwepo.

Alirudi mbio. Nyumba ilinuka moshi na udongo, kama zamani. "Amekwenda," alisema muuza mkaa, akijifuta jasho kwa kiganja cheusi. Mama Tonge akamnyakua mtoto, akampa ziwa, na Tonge akalidaka kwa njaa, akanyonya mpaka akapaliwa. Mama mkwe akapiga vigelegele. Fundi baiskeli akageukia ukutani asionekane analia.

Aliposhiba, Tonge alijinasua mapajani. Akatambaa mpaka mlangoni, akakamata pazia, akasimama. Alikuwa hajawahi kutamka neno. Akaitazama barabara, akasema wazi, bila kitembe:

"Mama."

"Geuka basi, mwanangu, niko huku..."

Hakugeuka. "Mama!"

Mama Tonge akafungua kinywa aitike. Kabla hajatoa sauti, kule nje, mtu akaitika:

"Bee."